Ukipewa nafasi ya kusema arusini

Je, msomaji, umewahi kualikwa arusini, mara msimamizi wa sherehe akataja jina lako? Jasho likakutoka, ulimi ukawa mzito.

Huko Galbet, mjini Garissa, ambako wakazi wengi ni Wasomali na Waislamu, hakuna anayeinua glasi ya mvinyo kuwatakia maharusi heri. Kinachotolewa ni maneno. Na maneno yenyewe huenziwa: wanaume wana gabay, shairi ambalo kila mstari wake sharti uwe na neno linaloanza kwa herufi ile ile, mwanzo hadi mwisho. Wanawake wana buraanbur, ambalo huimbwa kwa ngoma arusini kumsifu bibi arusi na jamaa zake. Masikio yaliyozoea ufundi huo hayadanganywi na domo tupu.

Basi ukisimama mbele yao, toa salamu, kisha washukuru wazee wa pande zote mbili. Simulia jambo moja jema unalolijua mwenyewe kuhusu bwana au bibi arusi. Usitaje kiasi cha mahari wala mchumba wa zamani, na usilinganishe koo. Ndoa hapa huunganisha koo mbili, si watu wawili tu. Mzaha mmoja waweza kuzaa uhasama wa miaka.

Maliza kwa dua fupi, watu waitikie "Amin", nawe uketi. Dakika tatu zatosha. Wahenga walisema, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.