Gazeti Kinyamateka na Watu Walioliongoza

Leo tunataka kuwafasiria habari ya gazeti moja la jirani zetu wa Rwanda. Jina lake ni Kinyamateka. Kanisa lililianzisha huko Kabgayi mwaka wa 1933, katika lugha ya Kinyarwanda.

Tutazame watatu kati ya wale walioliongoza. Wa kwanza ni Padri Alexis Kagame, aliyepadirishwa mwaka wa 1941. Yeye alikusanya mashairi na historia ya wazee, yasipotee. Wa pili ni Grégoire Kayibanda. Alisoma katika Seminari kubwa ya Nyakibanda, lakini hakupata upadri. Aliongoza gazeti katika miaka ya 1950. Mwaka wa 1957 alitia sahihi katika Manifesto ya Bahutu, na mwaka wa 1961 akawa Rais. Wa tatu ni Padri André Sibomana, aliyeshika kazi hiyo mwaka wa 1988. Aliandika juu ya njaa na makosa ya wakubwa. Mwaka wa 1990 alishitakiwa, akaachiliwa. Aliokoka katika mauaji ya mwaka wa 1994, akafa mwaka wa 1998.

Gazeti ni lile lile, lakini kila mmoja alilitumia kwa namna yake. Basi tusiseme kwamba kila neno la gazeti la Kanisa ni sawa na Injili. Mkatekista anayewasomea watu gazeti aulize kwanza: Nani ameandika? Anamtetea nani? Anamsahau nani? Kisha asome.