Pepo Zinazokutana Katikati ya Ziwa

Dagaa hawavuliwi kwenye mbalamwezi. Mvuvi wa Mwanza, kwenye Ziwa Victoria, husubiri giza, zile siku ambazo mwezi hauonekani, ili taa zake ziwe kitu pekee kinachong'aa majini na dagaa wazikimbilie. Jioni, ukitazama kutoka kwenye vilima vya mji, taa hizo huwaka moja baada ya nyingine hadi utadhani mji mwingine umeota ziwani. Bahati mbaya, saa za taa ndizo pia saa za radi.

Hakuna mkosi hapo. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, hewa yake hupanda, na upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu. Mawingu hujikusanya huko bara, huku katikati ya ziwa kukiwa shwari. Usiku mambo hugeuka. Ardhi hupoa, maji hubaki na vuguvugu lake la nyuzijoto 24 hivi, na sasa upepo hutoka kila upande wa ufuko kuingia ndani. Pepo za Tanzania, Kenya na Uganda hukutana juu ya ziwa lenye zaidi ya kilomita za mraba 68,000, na zikishabanana, hazina pa kwenda ila juu, pamoja na mvuke wote zilioubeba. Kwa kuwa upepo mkuu huvuma kutoka mashariki, mawingu hayo husukumwa magharibi. Ndiyo sababu Bukoba, iliyo ufuko wa magharibi, hupata mvua karibu maradufu ya Mwanza.

Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba watu 3,000 hadi 5,000 hufa ziwani kila mwaka, katika nchi zote tatu. Ni makadirio tu. Mtumbwi hauna orodha ya abiria.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, ina rada Mwanza, nayo huona mvua vizuri. Lakini dunia ni duara, na mwale wa rada huenda karibu mstari ulionyooka. Ukiurusha kwa pembe ya nusu digrii, ukifika kilomita 200 utakuwa umepanda hadi kilomita nne hivi juu ya maji. Upepo wa nchi kavu unaoanzisha vurugu yote ni tabaka jembamba linalotambaa chini kabisa. Rada inapita juu yake bila kuugusa.

Hapo ndipo ndege ilipohitajika. Januari 2019, ndege ya utafiti ya Uingereza, BAe 146, aina iliyobuniwa kubeba abiria, ililikata ziwa ikiwa imesheheni vipima upepo, joto na unyevu. Ilipita ndani ya hewa yenyewe badala ya kuichungulia kwa mbali. Vipimo vyake vilisaidia kukagua kama kompyuta za utabiri zinachora pepo hizi zilivyo, au zinabahatisha.

Juu zaidi kuna Meteosat, setilaiti iliyo kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta, inayopiga picha kila baada ya dakika chache. Mwaka 2016, Wim Thiery wa Ubelgiji na wenzake walionyesha jambo ambalo mimi naliona tamu kuliko yote: dhoruba kali zikitokea nchi kavu mchana, huwa ni dalili ya dhoruba kali ziwani usiku unaofuata. Yaani wingu la alasiri lililotoboa dari ya anga huko bara linaweza kumpa mvuvi onyo saa kadhaa kabla.

Tusidhani vyombo vya angani huokoa tu. Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air yenye watu 43 ilitumbukia ziwani karibu na uwanja wa Bukoba, hali ya hewa ikiwa mbaya. Watu 19 walikufa. Wavuvi walikuwa miongoni mwa waliofika mwanzo kuokoa, wakiwa na mitumbwi yao.

Utabiri, basi, una alasiri moja ya kufika mwaloni, wakati vijana wanapakia nyavu na kukagua taa. Wanalipwa kwa kilichovuliwa. Chombo ni cha tajiri, na mafuta yameshanunuliwa. Ujumbe wa simu unasema mawimbi makubwa usiku. Giza limebaki siku tatu.