Iacheni Themostati Mahali Pake

Swali ni lile lile, na huja kila kiangazi kinapokaza: "Mtaalamu, Mark X yangu imeanza kuchemsha, fundi anasema atoe themostati. Nimruhusu?" Wengine hawaulizi kabla. Huuliza baadaye, themostati ikiwa imeshatupwa kwenye pipa la gereji, na swali lao huja limevaa nguo nyingine: mbona gari linakunywa mafuta kuliko zamani, mbona linachelewa kuingia gia ya mwisho, mbona oili inachafuka mapema. Jibu la swali la kwanza ni hapana. Jibu la hayo mengine ni kwamba mlisema ndiyo kwa lile la kwanza. Ningeweza kuishia hapo, lakini imani hii imekita mizizi kutoka Manyoni hadi Kigoma, na inatetewa na watu wenye elimu zao, wenye Crown, Mercedes na BMW zilizokwisha kula kilomita laki mbili na zaidi. Kwa kuwa wanaitetea kwa hoja, hoja zao zina haki ya kujibiwa.

Ya kwanza ndiyo mama wa zote: themostati ni kifaa cha nchi za baridi, sisi tuko kwenye joto, haituhusu. Anayesema hivi hajui kwamba Tokyo mwezi Agosti hupita nyuzi 35, wala hajawauliza jamaa walioko Muscat, na hapa kwetu Tabora hatukosi watu wenye jamaa huko tangu enzi za misafara. Kiangazi cha Oman hufika nyuzi 45 na kuzidi, na Lexus zinazotembea katika joto hilo zina themostati zao, hakuna anayezing'oa. Tabora yenyewe iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hata Oktoba, mwezi wake wa joto kuliko yote, mchana huchezea 32 au 33, na alfajiri za Juni na Julai hushuka kufikia 15 hivi. Tukipanga miji kwa joto, Tabora haimo hata karibu na safu ya mbele. Na hata ingekuwamo, ndani ya silinda moto wa petroli hupita nyuzi 2,000. Mbele ya moto huo, tofauti ya nyuzi kumi za hewa ya nje si lolote. Kinachotakiwa ni injini ikae kwenye joto moja, lile ambalo mtengenezaji alilipigia hesabu alipopima nafasi kati ya pistoni na silinda, uzito wa oili na kiasi cha petroli ya kunyunyiza. Kazi ya kuilinda hali hiyo, mchana na usiku, masika na kiangazi, ndiyo ya themostati.

Ishike mkononi uitazame. Katikati ina kikopo kidogo cha shaba kilichojaa nta, na springi imekizunguka. Nta ikipata joto inatanuka, inasukuma sahani, njia ya kwenda rejeta inafunguka. Kwenye Toyota nyingi kazi hiyo huanzia nyuzi 82 hivi. Sasa igeuze uangalie chini, kwa sababu hapa ndipo watoaji wengi hawajawahi kuangalia: kuna sahani ya pili, ndogo. Katika injini nyingi za Toyota na za Kijerumani, sahani hiyo ina kazi ya kuziba njia ya mkato, ile ambayo maji hupita kurudi kwenye injini bila kufika kwenye rejeta. Injini ikiwa baridi, mkato uko wazi na rejeta imefungwa. Injini ikipata moto, rejeta inafunguka na mkato unafungwa. Ukiing'oa themostati, rejeta iko wazi muda wote, sawa, lakini mkato nao uko wazi muda wote. Sehemu ya maji yaliyochemka yanarudi kwenye injini kama yalivyotoka. Gari la namna hiyo litakuwa baridi kupita kiasi kwenye tambarare ya Nzega, kisha litachemsha kwenye mlima wa Sekenke likiwa na abiria na kiyoyozi kimewashwa, na mwenyewe atashangaa: si tulishatoa themostati?

"Lakini langu lilikuwa linachemsha, tukatoa, likaacha." Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote kwa kuwa ni kweli, na ndiyo inayowapa mafundi wa njia hii jina zuri. Likiacha kuchemsha, moja kati ya mambo mawili limetokea. Inawezekana themostati ilikuwa imekufa ikiwa imefunga, na hapo kuitoa kunaondoa kizuizi. Lakini hata kuweka mpya kungeondoa kizuizi hicho hicho, tena bila hasara. Au inawezekana tatizo lilikuwa kwingine, rejeta iliyojaa chumvi, pampu ya maji iliyolika mapanga, feni isiyowaka, na kuongeza mwendo wa maji kumelifunika kwa muda. Ugonjwa unaendelea, kilichonyamazishwa ni kengele. Ukitaka kujua ni lipi kati ya hayo mawili, jaribio lake halihitaji gereji. Itumbukize themostati kwenye sufuria ya maji ya baridi pamoja na kipimajoto, washa jiko, utazame inapoanza kufunguka. Ya Toyota iliyo nzima itakuwa imefunguka vizuri maji yanapokaribia kutokota. Ikibaki imefunga, imekufa, nunua nyingine. Ikifunguka, umeionea bure, katafute mhalifu wa kweli. Usijaribu hivyo kwa BMW zenye injini ya N52, mathalani zile za E90: themostati yake huendeshwa kwa umeme na imepangwa kufunguka yenyewe kwenye nyuzi 105, kwa hiyo haitafunguka kwenye sufuria ya Tabora hata ukichochea mkaa mpaka kesho.

Wazee hukumbusha kwamba Bedford na Land Rover za zamani zilipiga vumbi la Itigi miaka nenda miaka rudi bila themostati. Zilipiga, ndiyo, na zilikunywa petroli bila aibu, na ringi zake zilibadilishwa mapema, na hakuna aliyeweka hesabu. Zilikuwa na kabureta isiyojali injini ina nyuzi ngapi. Gari la kifahari la leo lina kompyuta inayojali sana. Sensa ya joto ikiiambia kwamba injini bado ni baridi, kompyuta inaongeza petroli kama inavyofanya kila alfajiri, ila sasa alfajiri haiishi. Gia boksi ya otomatiki nayo inazuiwa kufunga gia ya juu mpaka maji yapate joto la kutosha. Petroli isiyoungua yote inateremka kwenye oili na kuipunguzia nguvu, masizi yanajaa kwenye valvu, na injini zenye kunyunyiza moja kwa moja ndani ya silinda, kama 4GR ya lita 2.5 iliyo kwenye Mark X na Crown nyingi zinazoletwa kwetu, zina tabia ya kushika masizi hata zikitunzwa. Kompyuta haikai kimya: huandika kosa P0128, maana yake injini haifikii joto lake. Fundi anayelifuta kosa hilo bila kuuliza sababu amelipwa kwa kazi ya kuficha.

Kwa mtu wa Tabora mjini madhara huongezeka kwa sababu mji ni mdogo. Kutoka Ipuli kwenda sokoni ni mwendo wa dakika chache. Bila themostati, injini inazimwa kabla haijapata moto, siku baada ya siku, na mvuke unaozalishwa na mwako unageuka maji ndani ya oili. Fungua kifuniko cha oili asubuhi ya Julai utaona utando wa rangi ya chai ya maziwa. Hapo ndipo hasara ya pili hubisha hodi, kwa kuwa fundi akiuona utando ule husema gasketi ya silinda hedi imeungua, na hedi inashushwa kwa laki kadhaa kutibu ugonjwa ulioletwa na spea ambayo, kwa Toyota, bei ya ile halisi haifiki gharama ya kujaza tangi. Wala usiseme mshale wa joto haujasogea. Toyota nyingi zimeupanga mshale utulie katikati kwenye nyuzi nyingi tofauti ili dereva asihangaike. Nunua kikopo cha OBD cha kuchomeka chini ya dashibodi, uzisome nyuzi zenyewe kwenye simu.

Kama si themostati, basi nini? Mara nyingi ni kifaa cha bei ndogo kuliko hata hiyo: kifuniko cha rejeta. Pwani maji huchemka kwa nyuzi 100. Kwa mwinuko wa Tabora huchemka kwenye 96 hivi. Kifuniko chenye alama ya 1.1 hubana mfumo mpaka maji yasiweze kuchemka kabla ya nyuzi 120 hivi. Springi yake ikichoka, au mpira wake ukipasuka, umepoteza nyuzi zaidi ya 20 za usalama, na maji yatatokota katika joto ambalo injini yenyewe inalihesabu kuwa la kawaida. Kwenye BMW ile ya nyuzi 105, kifuniko kibovu hapa Tabora kinafanya maji yachemke kabla themostati haijapata hata sababu ya kufunguka. Halafu anayefukuzwa kazi ni themostati! Baada ya kifuniko, tazama maji yenyewe. Anayejaza maji ya kisima akaangalie tako la birika lake la chai: ule ukoko mweupe ndio unaojengeka kwenye mirija ya rejeta. Kulanti si rangi. Huzuia kutu, hulainisha sili ya pampu na hupandisha kidogo kiwango cha kuchemka. Chupa isiyoandika ina glaikoli kiasi gani ni maji yaliyotiwa rangi, iache dukani. Na dawa za kuziba uvujaji, ziwe za chupa au za jikoni kama ute wa yai na bizari, huziba kweli, ila hazichagui kati ya tundu na mrija.

Kununua spea kusikuchoshe. Anza na namba ya chesisi, si "ya Mark X". Kutokana nayo upate namba ya spea yenyewe, ambayo kwa Toyota ni tarakimu 10 zilizokatwa katikati kwa kistari, na kwa themostati mara nyingi huanza na 90916. Ukikosa ya boksi la mtengenezaji wa gari, chukua ya kampuni zinazoviuzia viwanda: Denso, Aisin, KYB na NGK kwa Wajapani, Mahle, Bosch na Lemförder kwa Wajerumani. Mtumba wa Ilala ni mzuri kwa milango, vioo, taa na hata viti. Usinunue mtumba wa themostati, kifuniko, mpira wa maji, belti, pampu, gasketi, boli jointi wala pedi za breki. Belti na pampu ya maji zibadilishwe pamoja, kazi ya kufungua ni moja. Mercedes za W203 na W211 za mwanzoni zikaguliwe rejeta mapema, kwa sababu oili ya gia boksi hupoozewa humo humo, na oili hiyo ikichanganyika na kulanti gia boksi haina maisha. Boksi lenye maandishi yaliyokosewa, gundi iliyochuruzika au bei ya nusu ni feki. Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inaipa Tume ya Ushindani mamlaka juu ya muuzaji wa namna hiyo, basi dai risiti ili uwe na cha kupeleka.

Mtu atasema kwamba kwa gari la miaka 18 hakuna haja ya kuhangaika hivyo. Kenya hairuhusu hata kuingiza gari lililozidi miaka minane. Sisi tunayaruhusu na kuyatoza ushuru wa uchakavu, na ndiyo maana yanatembea mengi. Gari la umri huo halina akiba ya kuvumilia makosa: plastiki za mfumo wa maji zimekauka, mipira imelegea, ringi zimelika. Na njia ni ndefu. Misafara ya karne ya 19 iliogopa pori la Mgunda Mkali, kati ya Ugogo na Unyamwezi, kwa ukosefu wa maji. Lami ya leo kutoka Manyoni kupitia Itigi, Chaya na Nyahua hadi Tabora inakata ukanda huo huo, zaidi ya kilomita 250, na kipande cha Chaya hadi Nyahua peke yake ni kilomita 85. Kuchemsha hapo saa nane za usiku ni kuunguza hedi au kulala porini.

Aliyekwisha tolewa themostati airudishe wiki hii, mpya na yenye namba sahihi, pamoja na kifuniko kipya na kulanti ya kweli, hewa itolewe kwenye mfumo, kisha nyuzi zisomwe kwenye simu kwa safari ya kwenda Nzega na kurudi. Fundi akikataa kuirudisha, hamisha gari.