Ukuta wa Salthill Unaopigwa Teke

Sisi wauguzi tunapomshauri mgonjwa wa shinikizo la damu afanye mazoezi, mara nyingi tunajibiwa: "Nitafanyia wapi, na fedha sina?" Safari hii twende Salthill, magharibi mwa Ireland, tuone wenzetu wanavyofanya.

Salthill ni mji wa mapumziko kando ya ghuba ya Galway, na sasa umeungana na jiji la Galway. Kwa Kiairishi unaitwa Bóthar na Trá, yaani Njia ya Ufukweni. Tangu mwaka 1879 hadi 1918 tramu za kuvutwa na farasi zilileta watu kutoka Galway kuja kupunga upepo.

Matembezi ya jioni

Kando ya bahari ipo njia ya waenda kwa miguu, kama kilomita 2. Humo utawakuta wazee, vijana na akina mama wenye watoto, wakitembea huku wakizungumza. Mvua ni nyingi huko, lakini haiwazuii. Mwezi wa Juni jua huzama karibu saa 4 usiku, basi matembezi huwa marefu. Wakifika mwisho, karibu na mnara wa kurukia majini wa Blackrock, huupiga ukuta teke dogo, kisha hugeuka kurudi. Ni desturi ya wenyeji.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano. Ukuta ule humpa mtembeaji mahali pa kufikia, na mzee anayeishi peke yake hupata wa kumsalimu. Upweke nao hudhoofisha afya. Ndiyo maana hata muziki wao wa asili una faida: wapiga fidla, filimbi na kodiani huketi pamoja, nao wasikilizaji huwazunguka.

Bahari yenye baridi

Wapo wanaoogelea Blackrock mwaka mzima. Siku ya Krismasi wengi hujitosa majini ili kuchangisha fedha za kuwasaidia wasio na makazi. Ni jambo jema, lakini maji baridi yanaweza kuua. Mtu akiingia ghafla, pumzi humruka bila hiari na moyo hupiga kwa kasi. Akivuta maji wakati huo, huzama hata kama ni hodari wa kuogelea. Hatari hiyo ni kubwa zaidi katika dakika ya kwanza.

Kwa hiyo yafaa kukumbuka haya:

1. Usiogelee peke yako, wala baada ya kunywa pombe.
2. Ingia polepole, usubiri pumzi itulie.
3. Usiruke kichwa mbele maji yakiwa yamekupwa, shingo huvunjika.
4. Ukitoka, jikaushe na uvae nguo kavu upesi, kwani mwili huendelea kupoa.
5. Mwenye ugonjwa wa moyo amwone daktari kwanza.

Matembezi hayadai kiingilio. Chagua mti, daraja au kona ya njia iwe ukuta wako. Mchukue jirani, mfike hapo, mguse, mrudi. Kesho mfanye hivyo tena.