Kwenda kwa wakwe Upareni: sala za njiani, nyama ya mwenyeji na msiba wa ndugu asiyekuwa Muislamu



Ndoa baina ya watu wa visiwani na watu wa bara si jambo geni tena. Vijana hukutana vyuoni na makazini, na mzee wa Wete au wa Mkunazini anajikuta ana wakwe Same, Usangi au Gonja, katika milima ambayo hajapata kuiona. Harusi ikimalizika huja suala la kwenda kuwaona. Hapo baadhi ya familia huingiwa na wasiwasi: tutasali vipi njiani, tutakula nini, tutalala nyumba ya nani? Wengine huona usalama ni kutokwenda kabisa. Miaka inapita, wajukuu hawajui kwao baba, na mtoto aliyeolewa huko ndiye anayebeba lawama za pande zote mbili. Anayekaa nyumbani kwa kukimbia shubuha ya sahani ya nyama, akakata udugu, amekimbia dogo akaangukia kubwa.

Tuchukue mfano ulio wa kawaida huko. Binti wa Pemba ameolewa na kijana Muislamu wa Same. Baba wa kijana ni Muislamu wa kuzaliwa, mama yake alisilimu, na wajomba zake wako Suji, ni Wasabato. Upareni hili halishangazi mtu. Wamisionari wa Kisabato waliingia Upare ya Kusini mwaka 1903, Walutheri wana makanisa yao Mbaga, Gonja na kwengineko, na Uislamu umeenea mjini Same, Hedaru, Kihurio, Usangi na vijiji vingi vyenginevyo. Ukoo mmoja unaweza kuwa na imamu na mchungaji, na wote wawili wakakaa mkeka mmoja siku ya msiba. Mgeni wa visiwani asipolijua hili mapema ataona kama ametegwa, na kumbe hayo ndiyo maisha yao.

Sala za njiani

Kutoka Unguja utavuka kwa boti mpaka Dar es Salaam, kisha basi la Moshi au Arusha litakupitisha Segera, Korogwe, Mombo, Hedaru na Makanya hadi Same. Umbali huo unazidi mara nyingi marhala mbili zinazotajwa na wanavyuoni wa madhehebu ya Imamu Shafii, kwa hiyo ruhusa ya kufupisha sala za rakaa nne na ya kukusanya sala mbili ipo, nayo huanza ukishatoka nje ya mji wako. Alfajiri haikusanywi na chochote, wala Magharibi haifupishwi.

Penye kuwababaisha wengi ni mwisho wa safari. Kwa madhehebu yetu, anayenuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, safari yake imekatika pale anapofika. Basi ukitoka Dar alfajiri ukawa unakwenda kukaa Same wiki nzima, usiseme "Adhuhuri na Alasiri nitazisali mbili mbili nikishafika". Ukifika wewe ni mkaazi, utazisali nne nne. Ukitaka kuitumia ruhusa itumie njiani. Adhuhuri huingia baina ya saa sita na robo na saa saba kasorobo, kutegemea miezi, na basi la asubuhi wakati huo mara nyingi liko sehemu za Korogwe au Mombo. Hapo abiria hushuka kula. Tangulia kusali kabla ya kutafuta chipsi: Adhuhuri rakaa mbili, na ndani yake uwe umenuia kukusanya, kisha Alasiri rakaa mbili papo hapo bila kuacha nafasi ndefu. Chukua chupa ya maji yako ya udhu, foleni za vyooni pale ni ndefu.

Kama mwisho wa safari si Same mjini bali ni Suji au Vudee, na mjini unasubiri gari tu, basi bado wewe ni msafiri. Gari za milimani hazipatikani kila saa, na huenda ukalala mjini usiku mmoja. Na aliyekwenda kwa haja asiyoijua itamalizika lini, kama kumuuguza mgonjwa, kila siku akitaraji kurudi kesho, yeye huruhusiwa kufupisha hadi siku kumi na nane.

Kibla hakina taabu. Sisi visiwani tunaelekea kaskazini, na Same ni kaskazini vilevile, ila utaegemea kidogo sana kulia, upande wa mashariki, kiasi cha nyuzi nne au tano. Barabarani milima inakuwa kulia kwako wakati basi linapanda kuelekea Same. Lakini usiifanye milima ndiyo kibla, kama nilivyosikia watu wakielekezana. Ukienda ukaaji Gonja au Ndungu, ambako ni upande wa pili wa milima, utajikuta umeipa Makka mgongo. Tumia dira ya simu.

Na anayesafiri siku ya Ijumaa akumbuke kwamba mwenye kuwajibikiwa na sala ya Ijumaa hatakiwi kuanza safari baada ya Alfajiri ikiwa itamkosesha, isipokuwa ataipata njiani. Aliyepanda boti ya asubuhi, akasali Dar na kupanda basi siku ya pili, ameepukana na tatizo.

Saa ya visiwani na jua la mlimani

Hili nimeliona likipuuzwa na watu wazima wenye elimu zao. Ratiba ya sala iliyotundikwa ukutani nyumbani Unguja haifai Same. Same iko magharibi ya Unguja, na kwa hesabu hiyo peke yake jua huzama huko dakika sita hivi baadae, na ukilinganisha na Pemba dakika nane. Tafauti hiyo huongezeka au hupungua kidogo kwa msimu. Anayefungua saumu Same kwa adhana ya redio ya Zanzibar anaweza kuwa amekula na jua halijatua, na siku hiyo ataidai. Alfajiri nayo ni hivyo hivyo: kujizuia kula kwa saa ya Zanzibar hakuna dhara, lakini kusali kwa saa hiyo huenda ikawa umesali kabla ya wakati.

Kisha kuna milima yenyewe. Kilele cha Shengena kinafikia mita 2,462, na vijiji vingi vimekaa mabondeni. Ukiwa bondeni jua hujificha nyuma ya mlima mapema, kivuli kinatanda, kuku wanaingia bandani, na mgeni wa pwani aliyezoea kuliona jua likizama baharini anadhani Magharibi imeingia. Jua kufichwa na mlima si kuzama. Alama ni kuona weusi ukipanda kutoka mashariki. Fuata adhana ya msikiti wa kijiji, wao wanaujua mlima wao.

Mwezi wa Juni na Julai huko juu ni baridi ambayo mtu wa Makunduchi hajaizoea. Baridi peke yake haihalalishi kutayamamu maadamu kuna kuni na sufuria ya kuchemshia maji. Mwenye khofu za ngozi alizozivaa akiwa na udhu anaweza kupaka juu yake, siku tatu na usiku wake kwa msafiri, mchana na usiku mmoja kwa mkaazi. Soksi nyepesi zinazopitisha maji hazitoshi katika madhehebu yetu.

Na maji yenyewe yana adabu zake. Wapare tangu zamani wana ndiva, yaani mabwawa madogo ya kukusanyia maji ya vijito. Katika vijiji kama Vudee na Bangalala maji hujazwa usiku, asubuhi hufunguliwa yakashuka kwa mifereji mashambani, kila mmoja kwa zamu yake. Mtu asiyejua huenda akaona mfereji unapita nyuma ya nyumba akauchepusha ili aoge, kumbe hiyo ni zamu ya mtu aliyengoja siku kadhaa. Ugomvi wa mifereji ulifikishwa hata mbele ya Mtume (S.A.W.), baina ya Zubeir na jirani yake wa Kiansari, naye akaamua kwa kumwambia Zubeir anyweshe kisha ayaachie maji yende kwa jirani. Muulize mwenyeji wako kabla ya kutia ndoo.

Chakula cha wenyeji

Wapare wanatambulikana kwa makande, na mwenye kukaribishwa makande ya mahindi na maharage hana cha kuuliza isipokuwa kama yamepikwa na nyama. Ndizi, magimbi, chai ya tangawizi ya Mamba Miamba, vyote hivyo ni halali na hakuna haja ya kuvikagua. Vyombo navyo, kama hujui vilitumika kwa nini, asili yake ni tahara. Ikiwa unajua kibuyu hiki kilikuwa cha dengelua, pombe yao ya miwa, basi tafuta chengine, na kikikosekana kioshe ndipo utumie. Hivyo ndivyo Mtume (S.A.W.) alivyomjibu Abu Thaalaba alipouliza juu ya vyombo vya Watu wa Kitabu. Juisi ya muwa iliyokamuliwa sasa hivi si dengelua.

Wajomba wa Suji, kama ni Wasabato wanaoshika dini yao, hawali nguruwe wala hawanywi pombe. Mgeni Muislamu huko anaweza kuwa na utulivu kuliko katika hoteli nyingi za mijini. Lakini jueni kwamba tangu Ijumaa jua kuzama hadi Jumamosi jua kuzama wao wako katika Sabato yao. Usifike Jumamosi mchana na watu ishirini ukitaraji kupikiwa.

Tunakuja kwenye nyama. Aya ya 5 ya Suratul Maida imehalalisha chakula cha waliopewa Kitabu, na wanavyuoni wamefasiri kwamba kilichokusudiwa ni vichinjwa vyao. Lakini waliosoma Minhaj ya Imamu Nawawi kwa mashekhe wetu wanajua kuwa madhehebu ya Shafii yameweka sharti: kwa asiyekuwa wa kizazi cha Israil, wazee wake wawe waliingia dini hiyo kabla haijafutwa. Kwa sharti hilo, kichinjwa cha Mkristo ambaye babu yake aliingia Ukristo mwaka 1903 hakimo katika ruhusa. Wengine hawakuliweka sharti hilo, na tangu enzi za Masahaba ilikuwapo khitilafu: Ali hakupenda vichinjwa vya Waarabu wa Bani Taghlib, na Ibn Abbas aliviruhusu. Wanavyuoni wengi wa leo wanafuata kauli ya kuruhusu. Basi aliyekula kwa kuifuata kauli hiyo asisutwe, na anayejizuia asidhaniwe ana kiburi.

Kwa maoni yangu safari hii haihitaji kufika huko. Ni desturi ya zamani ya nchi hii kwamba penye shughuli ya watu mchanganyiko humwachia Muislamu kisu, na Upareni Waislamu hawapungui. Kijana wa mume na apige simu siku mbili kabla: "Mjomba, tunakuja na wazee wa Pemba, tunaomba baba ndiye achinje." Hilo husemwa kabla ya safari, si baada ya mchuzi kuwekwa mezani. Ama nyama iliyoletwa na Muislamu, usianze kumhoji kama alitaja jina la Allah. Mtume (S.A.W.) aliulizwa jambo hilo hilo, akaelekeza watu wataje jina la Allah wenyewe kisha wale.

Mikono, vyumba na msiba

Upareni watu hupeana mikono sana. Kwa madhehebu yetu kugusana ngozi na asiyekuwa maharimu hutengua udhu, mbali na kuwa hakufai. Mama mkwe ni maharimu wa daima, mpe mkono na umbusu kichwa ukipenda. Shangazi wa mke na dada zake si maharimu. Weka mkono kifuani, inama kidogo, tabasamu, useme shikamoo au salamu kwa sauti ya furaha, na aghlabu hutaeleweka vibaya. Kinachoudhi ni kugeuza uso. Shemegi naye, hata awe mcheshi vipi, asiachwe chumba kimoja na mke wa nduguye. Nyumba ikiwa ndogo, wanawake walale pamoja na watoto.

Na utani wa ubakhili na kupenda kesi, mnaousikia wakifanyiwa Wapare, waachieni watani wao wa jadi. Nyinyi ni wakwe.

Akifariki mjomba wa Suji, kwenda kuwapa pole wafiwa kunafaa, na kubeba viti, kuchota maji na kuchangia chakula kunafaa pia. Ibada yao ikianza, kaa kando na wazee wengine wa Kiislamu wa ukoo. Utawakuta, na watakuonyesha pa kukaa. Muislamu hamsalii asiyekuwa Muislamu wala hamuombei maghfira, lakini Mtume (S.A.W.) alimwamrisha Ali kwenda kumzika baba yake Abu Talib, na Asmaa bint Abubakar alipouliza kama amuunge mama yake mshirikina, aliambiwa ndiyo, amuunge. Ikiwa mama mkwe aliyesilimu anataka kwenda kumzika kaka yake, mkwe wa Pemba asimzuie. Amsindikize. Wallahu aalam.