Bakteria wa anamoksi
Bakteria wa anamoksi ni kundi la bakteria wanaounganisha amonia na nitriti mahali pasipo na oksijeni, na kutoa gesi ya nitrojeni. Wanapatikana katika mashapo ya sakafu ya bahari, miongoni mwa mahali pengine. Wale wa baharini wengi ni wa jenasi Scalindua.

Utendaji

Mabaki ya viumbe yanayozama huoza na kutoa amonia ndani ya tope. Chini kidogo ya uso wa tope oksijeni huisha. Hapo bakteria wengine hugeuza nitrati kuwa nitriti, na wale wa anamoksi hupata nishati hivi:

NH₄⁺ + NO₂⁻ → N₂ + 2H₂O

Hukua polepole sana: kujigawa mara moja huweza kuchukua wiki mbili.

Umuhimu

Planktoni wengi hawawezi kutumia gesi ya nitrojeni. Kwa hiyo kila inapotolewa, bahari hupoteza sehemu ya mbolea inayolisha planktoni, na kupitia hao, samaki.

Historia

Mwaka 1977 Engelbert Broda wa Austria alitabiri kwa hesabu za nishati kwamba bakteria kama hao wapo. Mwaka 1995 wataalamu wa Delft, Uholanzi, walitangaza kuuona mchakato huo katika mtambo wa kusafisha maji machafu. Mwaka 2002 Bo Thamdrup na Tage Dalsgaard waliupima katika mashapo ya Skagerrak, kati ya Denmark, Norwei na Uswidi. Katika vituo viwili ulitoa asilimia 24 na 67 za gesi yote ya nitrojeni. Kabla ya hapo gesi hiyo ilihesabiwa kuwa kazi ya bakteria wanaovunja nitrati peke yao.