Matuta ya Kombe Si Miaka

Nimechoka kuulizwa kombe lina miaka mingapi. Swali lenyewe halina ubaya, ila anayeuliza huwa ameshajijibu. Mara ya mwisho ilikuwa Nanyamba, chini ya mkorosho, mahali ambapo hata harufu ya bahari haifiki. Mwalimu mmoja alitoa mfukoni gamba alilopewa na shemeji yake wa Msimbati, jeusi kidogo upande mmoja, akaniwekea kiganjani. "Daktari, nimehesabu mwenyewe. Lina miaka 38."

Alikuwa amehesabu matuta.

Basi tulimalize leo. Matuta yale mapana yanayoanzia kisogoni, pale magamba mawili yanapoungana, na kutawanyika hadi ukingoni kama mbavu za mwavuli, hayahusiani na umri. Ni umbo la kombe, kama vidole vyako vitano. Twaa kombe la ukubwa wa ukucha na jingine linalojaza kiganja, uhesabu: idadi inakaribiana mno, la pili yamepanuka tu. Kama tuta moja ni mwaka mmoja, yule mchanga ni rika la babu yake.

Mwalimu alicheka, kisha akapitisha kucha juu ya mistari myembamba inayoyakata matuta kwa mapana. "Na hii?"

Hiyo ndiyo ya ukuaji, lakini nayo si miaka. Kombe hujenga gamba lake ukingoni, tabaka juu ya tabaka, kwa kalsiamu ya maji ya bahari. Pwani yetu maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku; yakipwa, kombe lililobaki kavu hujifunga, ujenzi husimama, na alama hubaki. Bamvua na maji mafu huifanya mistari ibanane na kuachana kwa zamu. Ongeza mikasa: tope la mafuriko, kutaga mayai, kaa aliyemega ukingo. Ukihesabu kila mstari kuwa mwaka, utapata kombe lililomwona Vasco da Gama akipita.

Imani hii ilitoka bahari za baridi, ambako ukuaji hupungua kila majira ya baridi na mstari wa mwaka huonekana wazi. Mwaka 2006 watafiti walivua karibu na Iceland chaza mmoja aliyepewa jina la Ming. Wakahesabu mistari ya bawabani, wakasema ana miaka 400 na ushee. Mwaka 2013 wakasahihisha: 507. Wao wenyewe, kwenye bahari yenye mistari safi, waliruka karne nzima. Wewe na miwani yako ya kusomea utaweza Msimbati?

Chenye thamani ndani ya gamba ni oksijeni. Ipo nyepesi na ipo nzito, na kombe hujengea zote mbili. Maji yakipoa nyuzi 4 hivi, ile nzito kwenye gamba huongezeka kama sehemu 1 katika 1,000. Tunalikata gamba toka kisogoni hadi ukingoni, tunaling'arisha, tunachimba unga kidogo mstari baada ya mstari kwa kitu kama drili ya daktari wa meno, na mashine inapima. Kusi na kaskazi vinajitokeza kama mawimbi kwenye karatasi. Hapo ndipo miaka inapohesabika.

Ila kwenye mdomo wa Ruvuma kuna mtego. Maji ya mvua na ya mto yana oksijeni nyepesi zaidi kuliko ya bahari, na huku kusini mvua hunyesha wakati uleule wa joto la kaskazi. Gamba la mdomoni litakuapia kwamba bahari imechemka, kumbe Ruvuma imefurika. Dawa yake ni kulilinganisha na gamba la miambani, mbali na maji ya mto. Au upime bariamu inayoletwa na udongo, kama ilivyofanyika kwa tumbawe la Malindi la miaka 300: mwaka 2007 watafiti walionyesha jinsi tope la mto Sabaki lilivyoongezeka tangu mwanzo wa karne ya 20, wakoloni walipopanua kilimo bara.

Mnaotaka kuniletea magamba, haraka haraka. Lete la kombe lililovuliwa hai, magamba yote mawili. Lililookotwa ufukweni halijulikani limekufa lini wala limetoka wapi. Andika tarehe, mahali, na kama ni matopeni au mwambani. Toa nyama kwa kisu, suuza kwa maji baridi, anika kivulini, funga kwenye gazeti. Usitie jiki, usipake mafuta, usichome. Ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, kibali kwanza. Ukikuta lundo la makombe ya kale ardhini, usichimbue. Waite watu wa Mambo ya Kale. Na ukisikia gamba limepimwa kwa kaboni, uliza kama hesabu imerekebishwa, maana kaboni ya bahari humzeesha kiumbe kwa miaka mia kadhaa.

Lile la mwalimu nilimrudishia. Weusi ule ulikuwa wa makaa.